Mtoto Anaomba Kwenda Kusoma Foto



Mwezi huu naanza na mgeni. Siku moja asubuhi, mvua ikiwa bado inadondoka juu ya mabati, baba mmoja wa kanisa letu alipiga hodi. Watu wa namna yake mnawajua: pedeje wa shimo la kasiterite, buti za matope, simu mbili mfukoni, na sauti iliyozoea kuita watu walio chini ya ardhi. Alikaa, akanyamaza kidogo, kisha akamwaga yote kwa mara moja.

"Pasta, mutoto wangu mwanamuke amepata diploma ya Leta. Nilimwambia aende kusoma unganga. Anakataa. Eti anataka kusoma foto. Foto! Niuze shimo juu ya foto?"

Nilicheka. Kicheko kile kilimwumiza, na kwa kuwa yeye ni msomaji wa gazeti hili ninamwomba radhi tena mbele yenu. Maana maneno yaliyofuata hayakuwa ya kuchekesha: "Ile kazi ya kusimama pa barabara na kuita watu, mutu anaisomea miaka ngapi? Na akimaliza atakula nini? Na kule mbali, nani atamuchunga?"

Maswali matatu katika pumzi moja. Nilimwombea, nikamsindikiza mpaka barabarani, lakini jibu sikuwa nalo. Tangu siku ile nimeuliza watu na kusoma niliyoweza kupata. Niliyoyaona ndiyo haya.

Kwanza tusimdharau yule wa barabara. Sisi tuliozaliwa karibu na mwaka 1980 tunamkumbuka mpiga picha wa soko la Bulambika siku zile za filmu. Filmu moja ilikuwa na picha 36, naye hakushuka Bukavu kuisafisha mpaka imalizike yote. Ulipiga picha leo, ukaiona baada ya majuma mawili, kama barabara ilikubali. Mara nyingi aliporudi, mchimbaji aliyepigwa amekwisha kuhamia kare nyingine, na mpiga picha anabaki na bahasha imejaa sura za watu wasiolipa. Mmoja wao alikuwa akizipachika juu ya ubao mbele ya duka lake. Tulikuwa tukipita pale baada ya shule kuangalia nani amekimbia deni. Kazi ile ililisha jamaa, ikasomesha watoto.

Leo kila kijana ana simu yenye kamera. Kwa hiyo swali la baba yule linakuwa gumu zaidi: kama kila mtu anaweza kupiga, kuna nini cha kwenda kusoma?

Nikiwa natafuta jibu nilikutana na habari za binti mmoja wa Goma. Jina lake Pamela Tulizo, amezaliwa mwaka 1994. Alianza kama mwandishi wa habari, kisha akageukia picha, akaenda kusoma Johannesburg, Afrika ya Kusini, katika shule inayoitwa Market Photo Workshop. Mwaka 2020 alipata tuzo ya Dior ya vijana wapiga picha, inayotolewa kule Ufaransa. (Ndiyo, Dior wale wa manukato. Vijana mnawajua kuliko mimi.)

Lakini si tuzo iliyonishika mimi. Kilichonishika ni kitu alichochagua kupiga. Kwa miaka mingi, dunia ilipomtaja mwanamke wa mashariki ya Congo, ilimtaja kwa neno moja tu, kubakwa, kana kwamba mama zetu na dada zetu hawana habari nyingine tangu kuzaliwa kwao. Katika picha zake anazoziita Double Identité, Tulizo anatuonyesha mwanamke wa kwetu mara mbili: namna dunia inavyomtazama, na namna yeye mwenyewe anavyojitazama. Mwanamke ni yuleyule, lakini macho mawili yanamwona. Ukikaa juu ya picha ile kwa dakika tano, unaanza kujiuliza wewe humtazama kwa jicho lipi.

Basi mtoto huyu alikwenda mbali kujifunza, na alichokileta ni wanawake wa nyumbani. Lishikeni neno hili, nitalirudia.

Na shule ile, je? Ilianzishwa mwaka 1989, wakati ubaguzi wa rangi ulikuwa bado sheria ya nchi, ili vijana weusi waliofungiwa milango kwingine wapate mahali pa kujifunza. Aliyeianzisha alikuwa Mzungu, David Goldblatt, naye ni mtoto wa machimbo. Alizaliwa mwaka 1930 kule Randfontein, mji wa dhahabu magharibi ya Johannesburg. Baba yake alikuwa na duka la nguo za wanaume, na kijana akafanya kazi dukani miaka kadhaa huku moyo wake uko kwenye kamera. Baba alipokufa, mwana aliliuza duka mwaka 1963, akajitoa kwa picha moja kwa moja.

Mzee wangu pedeje, unasikia? Aliuza duka juu ya foto!

Na alikwenda wapi kwanza? Machimboni. Machimbo ya kwao yalikuwa yameanza kufungwa. Akapiga mitambo iliyosimama, mabweni ya wafanyakazi, milima ya mchanga uliokwisha kutolewa dhahabu. Mwaka 1973 picha zile zikatoka katika kitabu, On the Mines, pamoja na maneno ya mwandishi Nadine Gordimer, ambaye naye amelelewa katika mji wa machimbo, Springs. Goldblatt alikufa mwaka 2018. Ninyi mnaosoma gazeti hili mkiwa kambini, mkidhani kwamba mahali penu ni pa matope tu na hapana kitu cha kuonyesha mtu, mjue kwamba kuna mtu aliyeona kazi ya maisha yake yote kutoka mahali kama pale.

Sasa maisha ya mwanafunzi mwenyewe. Hapa nimesaidiwa na kijana mmoja wa Kivu aliyesoma picha Johannesburg, shule nyingine. Hakupenda jina lake liandikwe, na mtaelewa kwa nini. Tulizungumza kwa simu majioni matatu, yeye akinunua unite na mimi nikinunua, kwa zamu.

Alikaa Yeoville, mtaa wenye Wakongomani wengi, hata unga wa muhogo na sombe unapata sokoni. Chumba kimoja, watu wanne: wawili wa Bukavu, mmoja wa Uvira, na yeye. Kitanda kimoja, magodoro mawili. Kiingereza hakuwa nacho. "Pasta, miezi mitatu ya kwanza mwalimu anasema, mimi naitika na kichwa. Rafiki zangu walizani niko na akili mingi, kumbe sikii kitu."

Na woga ulikuwapo, tusiufiche. Mwezi wa Mei 2008, katika mashambulio juu ya wageni kule Afrika ya Kusini, watu zaidi ya 60 waliuawa, na jeuri ile ilirudi mwaka 2015 na tena 2019. Kijana wetu alijifunza kutembea na kamera ndani ya mfuko wa plastiki wa duka, mkate juu yake, ili mwizi asijue. Nyumbani aliandika kwamba yote ni mazuri. Ninyi wazazi ambao watoto wenu wako mbali, mnapoambiwa kwa simu "niko bien", ulizeni mara ya pili.

Alikula nini? Hapa swali la baba yule linapata jibu ambalo hakulitazamia. Alikula kazi ya barabarani. Siku za Jumamosi alipiga harusi za Wakongomani, Jumapili ubatizo na kwaya, na fedha ile ililipa chumba. Darasani alijifunza sanaa, na harusi ikamnunulia mkate. Aliniambia bila haya kwamba harusi zilimfundisha kufanya haraka, maana bibi arusi hakati keki mara mbili.

Darasani walianza na mwanga. Juma zima mwalimu aliwakalisha mbele ya dirisha moja tu, wampige mwenzao asubuhi, adhuhuri na jioni, waone namna uso mmoja unavyobadilika kuwa watu watatu. Kamera, alinieleza, ina jicho kama la paka: penye giza lifungue sana, penye jua lifungue kidogo. Na kuna muda: jicho likikaa wazi kwa kitambo kirefu, anayetembea anakuwa kama moshi, likifunga upesi, hata tone la maji linasimama hewani. Simu yako inakuchagulia mambo haya yote. Mwanafunzi anajifunza kuchagua mwenyewe, na kuchagua ndiko kunakochukua miaka.

Baada ya mwanga, wakatumwa mjini. Kila mwanafunzi achague jambo moja, akae nalo miezi. Kijana wetu akachagua watu wa kwao: Wakongomani wanaolinda magari pa parking. Mnawajua, au mna ndugu kati yao. Wamevaa koti fupi linalong'aa, wanaonyesha dereva mahali pa kuegesha, wanapewa sarafu. Kati yao, alisema, kulikuwa mwalimu wa hesabu, na mwingine aliyekuwa na diploma ya kilimo.

Alipiga picha nyingi sana, siku tatu tu, akazipeleka darasani na kifua mbele. Walizipachika ukutani. Mwalimu alipita moja moja, mikono nyuma, kisha akasema neno moja: "Hizi zote ulizipiga ukiwa mbali."

Hakumaanisha mita. Kijana alikuwa amejificha nyuma ya magari, akaiba sura za watu, akaondoka.

Basi akarudi bila kamera. Majuma mawili alisimama nao juani, akagawana nao mkate. Siku ya kumi na kitu akawaambia anataka nini. Wakakataa! Yule mwalimu wa hesabu alimwambia: "Mudogo wangu, nyumbani wanajua niko natumika mu biro. Mama yangu akiona hii koti, atakufa." Kila mmoja alikuwa na uwongo wake aliokuwa akiulinda, pamoja na magari.

Ungefanya nini wewe? Ukiwapiga kwa siri, masomo yanaendelea, na mama mmoja Bukavu anavunjika moyo. Ukiacha, umepoteza miezi. Kijana alilia, hilo ameniambia. Kisha akawarudia na shauri: nisipige nyuso. Wakakubali. Akapiga mikono ikihesabu sarafu. Akapiga koti lile limening'inia kwenye msumari chumbani, usiku, na karibu yake shati jeupe limepigwa pasi kwa ajili ya ibada. Akapiga viatu. Akapiga ukurasa wa hesabu ambao mwalimu yule alikuwa akiandika kwa ajili ya mtoto wa jirani, kalamu juu yake. Hakuna uso hata mmoja, na mimi nilipoonyeshwa picha zile kwenye simu niliwaona watu kuliko kama ningeonyeshwa paji za nyuso zao. Hapo ndipo nilipoelewa mtu anasomea nini.

Kijana wangu si wa kwanza kushika njia hiyo. Sabelo Mlangeni, wa kijiji cha Driefontein kule Afrika ya Kusini, alikuwa akimgawia watu picha za mpiga picha wa kijijini kwao kabla hajaenda Johannesburg mwaka 2001. Alisoma katika shule ile ya Goldblatt, akamaliza mwaka 2004. Kisha akawafuata wanawake wanaofagia barabara za mji ule usiku, watu wamelala. Asubuhi wenye mji wanakuta barabara safi na hawajui ni mkono wa nani. Yeye mgeni wa mji aliwaona. Nafikiri ugeni wenyewe husaidia: aliyezaliwa pale amezoea, haoni tena.

Lakini nilisema nitalirudia neno la nyumbani. Wasomaji wetu wa Katanga watanisaidia hapa, maana Sammy Baloji ni wao. Alizaliwa Lubumbashi mwaka 1978, akasoma chuo kikuu kulekule, kisha akajifunza picha na video Strasbourg, Ufaransa. Kazi yake iliyomtangaza, Mémoire, ya mwaka 2006, ni ya machimbo. Alipiga picha za rangi za mitambo ya Gécamines iliyokufa: vyuma vimeoza, mabati yameanguka, hakuna mtu. Kisha akachukua picha za zamani zisizo na rangi, zilizopigwa wakati wa ukoloni, za wafanyakazi weusi, wengine wamesimamishwa kwenye mstari kama mali inayohesabiwa, na akawaweka mbele ya magofu yale. Babu na kiwanda wanakutana tena. Unaangalia na kujiuliza: waliofanya kazi ile walipata nini? Na sisi, baada yao, tumebaki na nini?

Picha zile za babu hakuzipiga Baloji. Zilipigwa na bwana, kwa matumizi ya bwana, zikakaa kwenye masanduku. Mtoto wa Lubumbashi amezitoa sandukuni na kuzisemesha kwa lugha yake. Na hakuishia hapo: mwaka 2008 yeye na wenzake walianzisha Lubumbashi nyumba ya wasanii waliyoiita Picha, neno letu hili la kila siku, ili vijana waonyeshe kazi zao kwao. Sasa anaishi kati ya Lubumbashi na Ubelgiji.

Kuna na wale waliokuja kwetu na kamera kutoka mbali. Wazee wa makanisa ya Kiprotestanti wamesikia habari za mama Alice Seeley Harris, mmisionari Mwingereza aliyekuwa Baringa, katika msitu wa Ekwateri, wakati wa mpira wa Mfalme Leopold. Mwezi wa Mei 1904 baba mmoja, Nsala, alifika misioni amebeba ndani ya jani mkono na mguu wa binti yake mdogo, mabaki pekee aliyoachiwa na walinzi wa kampuni ya mpira. Mama Harris alimpiga picha ameketi, anatazama. Hapigi kelele, anatazama tu. Picha ile na nyingine zilionyeshwa Uingereza na Marekani katika mikutano, kwa taa ya kuangaza ukutani, na watu waliokuwa wakikana hawakuweza tena kukana. Mwaka 1908 Leopold alilazimika kuitoa Congo mikononi mwake. Wengi walipigania jambo lile, lakini kamera ilikuwa mmoja wa mashahidi.

Mama yule alikuwa akiishi pale pale Baringa. Si kama hawa wa leo wanaoshuka kwenye gari siku moja, wanapiga mtoto mwenye matope mbele ya shimo, hawaulizi jina lake wala la mzazi wake, na jioni wako Bukavu. Picha inazunguka dunia, mtoto anabaki shimoni. Nimeona uso wa kijana wa kanisa letu namna hiyo juu ya karatasi ya watu fulani, na chini yake habari ambayo si yake. Mama yake aliniletea karatasi ile akiuliza kama anaweza kushitaki. Nilimwambia nani? Hatukumjua hata aliyepiga.

Kwa hiyo, baba yangu pedeje, kazi hii ipo. Swali ni kama watoto wetu wataifanya, au tutaendelea kupigwa na wapitaji.

Hata hivyo sisemi uze shimo kesho. Johannesburg ni mbali, na kamera nzuri ni ghali kuliko ng'ombe. Kuna kuanza karibu. Goma, Petna Ndaliko Katondolo aliweka nyumba ya Yole!Africa tangu mwaka 2002, na vijana wengi wamejifunza hapo filamu na picha bila kuvuka mpaka. Lakini ninyi mnajua njia zetu: tangu Goma ilipochukuliwa na M23 mwezi wa Januari 2025, na Bukavu mwezi wa Februari, mzazi anapima safari kwa habari za siku ile, si kwa kalenda ya shule. Mtoto aanze na simu aliyo nayo, na dirisha la jikoni. Tena, vijana, msimdanganye mzazi kwamba masomo haya yanaleta fedha upesi. Hayaleti. Mwambie kweli, kwamba harusi zitakulisha muda mrefu kabla sanaa haijakulisha, kama itakulisha.

Niseme na jambo langu mwenyewe. Mwaka 1996 vita vilipotufikia, nilikuwa kijana wa shule. Mama alibeba sufuria, blanketi na mdogo wetu. Picha zilikuwa katika valizi chini ya kitanda, nazo zilibaki. Tuliporudi kutoka msituni hapakuwa na valizi wala kitanda. Baba yangu alikuwa amekwisha kufariki. Watoto wangu wananiuliza babu alikuwa wa namna gani, ninawaambia tazameni paji la uso la baba yenu mkubwa, lilikuwa lile. Zaidi ya hapo sina cha kuwaonyesha. Hesabuni nyumba za mtaa wenu, ngapi zina sura ya babu ukutani? Binti anayeomba kusoma foto anaomba kufanya kazi katika nchi ambayo imepoteza picha zake.

Nilimwita binti yule. Alikuja na simu yake, akanionyesha wamama wanaotwanga mawe na kuosha mchanga mtoni. Picha nzuri, nami si mwalimu. Lakini nilikuwa nimekwisha kusikia lile neno la ukutani kule Johannesburg, nikamwambia: "Binti yangu, hizi ulizipiga ukiwa mbali." Alinyamaza. Kweli, alikuwa amesimama nyuma ya mianzi.

Alirudi mtoni, siku tatu, akatwanga pamoja nao. Mama mmoja alimwambia wazi, "Sura yangu usipeleke fasi yoyote," na huyo hakumpiga. Mama mwingine, mzee, alikubali, ila kwa sharti: apigwe katika nguo yake ya Wamama wa kanisa, kitambaa cha kichwa kimefungwa vizuri. Binti alitaka nguo za kutwanga, vumbi usoni, mikono ilivyo. Walibishana kando ya maji karibu saa nzima, na mama alishinda. Picha niliyoiona ni ya mama mzee amevaa nguo ya Jumapili, amesimama wima karibu na kinu chake cha chuma, mchi mkononi kama fimbo ya mfalme. Binti mwenyewe alikiri kwamba ni nzuri kuliko ile aliyokuwa nayo kichwani.

Baba yake aliitazama kwa simu muda mrefu. Hajauza shimo, na hajakataa. Aliniuliza tu: "Huyu mama alimulipa?"

Hakulipa, wala hakudai fedha. Alidai picha ya karatasi, ya kushika mkononi, na tumeituma Bukavu itengenezwe. Bado haijapanda, ni mambo ya barabara. Kila Jumapili baada ya ibada mama ananingoja mlangoni na swali moja: "Pasta, foto yangu?"